Sarufi na Msamiati wa Rekodi: Uhusiano wa Dublin Core na Lugha ya XML katika Ubadilishanaji wa Taarifa za Miswada ya Kiswahili

Ikisiri

Maktaba na vyuo vikuu vya Afrika Mashariki na Kati vinaendelea kuweka rekodi za miswada, tasnifu na sauti za Kiswahili katika hifadhi za kidijitali ambazo hubadilishana taarifa zenyewe kwa zenyewe. Ubadilishanaji huo hutegemea mambo mawili ambayo mara nyingi huchukuliwa kuwa kitu kimoja: lugha ya jumla ya uwekaji alama, yaani XML, na umbizo la metadata, hususani Dublin Core. Makala hii inafafanua uhusiano wa mambo hayo mawili. Inaonesha kuwa XML hutoa kanuni za umbo tu, ilhali Dublin Core hutoa makubaliano ya maana. Na kwamba rekodi inaweza kutimiza kanuni zote za umbo na bado ikapoteza mtunzi, tarehe au lahaja ya matini inayoielezea. Kwa kutumia mfano wa Utendi wa Tambuka na suala la misimbo ya lugha kwa Kiswahili cha pwani na kile cha Kongo, makala inabainisha mahali ambapo upotevu huo hutokea na hatua ambazo watunza miswada wanaweza kuzichukua ili kuuzuia.

1.0 Utangulizi

Katika miongo miwili iliyopita, hifadhi za kidijitali zimekuwa sehemu ya kawaida ya maktaba za vyuo vikuu katika ukanda huu. Vyuo kama vile Chuo Kikuu cha Makerere na Chuo Kikuu cha Nairobi vinatumia programu ya DSpace, ambayo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, kuhifadhi tasnifu na machapisho yao. Programu za aina hii hazikukusudiwa kuwa makabati yaliyofungwa. Zimeundwa ili rekodi zilizomo ziweze kuchukuliwa na hifadhi nyingine, zikaunganishwa na rekodi za mahali pengine, na hatimaye zikaonekana na msomaji ambaye hajui kuwa chuo husika kipo.

Swali linalozuka ni hili: je, rekodi inapotoka Kampala ikasomwa na kompyuta iliyoko Helsinki au Lubumbashi, ni nini hasa kinachohakikisha kuwa ile iliyoipokea inaielewa kama ilivyokusudiwa na ile iliyoituma? Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba rekodi hizo “ziko katika XML”. Jibu hilo si la uongo, lakini limepungua. Kusema kuwa rekodi iko katika XML ni sawa na kusema kuwa barua imeandikwa kwa herufi za Kirumi. Msomaji ameambiwa jambo la kweli kuhusu mwandiko, lakini hajaambiwa barua imeandikwa kwa lugha gani, wala inasema nini.

Makala hii imegawanyika katika sehemu tano kuu. Kwanza inaeleza chimbuko na kanuni za XML. Pili inaeleza Dublin Core. Tatu inafafanua namna viwili hivyo vinavyokutana. Nne inatumia mfano wa mswada mmoja, na tano inajadili suala la misimbo ya lugha. Mwishoni kuna ulinganisho mfupi na maumbizo mengine, pamoja na mapendekezo kwa watunza miswada.

2.0 Lugha ya Uwekaji Alama: Chimbuko na Kanuni

Wazo la kuweka alama ndani ya matini ili kuonesha sehemu zake ni la zamani kuliko kompyuta. Wahariri wa magazeti waliandika maelekezo pembezoni mwa karatasi ili mpanga chapa ajue kichwa cha habari ni kipi na aya inaanzia wapi. Wazo hilo lilihamishiwa katika kompyuta mwaka 1969, pale Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie wa kampuni ya IBM walipobuni lugha iliyoitwa GML. Lugha hiyo ilikuwa msingi wa SGML, ambayo iliidhinishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1986 kwa namba ISO 8879.

SGML ilikuwa na nguvu nyingi, lakini ilikuwa ngumu kutekelezwa. Kwa sababu hiyo, asasi ya W3C, inayosimamia viwango vya wavuti, ilitoa lugha nyepesi zaidi iliyokatwa kutoka katika SGML. Lugha hiyo ni XML, na toleo lake la kwanza liliidhinishwa tarehe 10 Februari 1998. Kila hati ya XML ni hati ya SGML, lakini si kila hati ya SGML ni hati ya XML.

Jambo la msingi kuhusu XML ni kwamba haina orodha ya lebo zake yenyewe. HTML, inayotumika kuandika kurasa za wavuti, ina lebo ambazo zimeamuliwa tangu mwanzo: aya, kichwa, jedwali na kadhalika. XML haina hata moja. Inachotoa ni kanuni za namna ya kuandika lebo yoyote ambayo mtumiaji ataichagua. Kwa hiyo hakuna kinachomzuia mtunza miswada kuandika rekodi yake kwa Kiswahili, kama ifuatavyo:

<utendi>
  <jina>Utendi wa Tambuka</jina>
  <mtunzi>Mwengo wa Athumani</mtunzi>
  <mwaka>1728</mwaka>
</utendi>

Rekodi hii ni XML halali kabisa. Kila lebo iliyofunguliwa imefungwa, zile za ndani zimefungwa kabla ya ile ya nje, na yote yamo ndani ya lebo moja kuu. Hati inayotimiza kanuni hizo husemwa kuwa imeundwa vyema. Kanuni hizo hazina huruma. Programu inayosoma XML ikikuta kosa la umbo hutakiwa kuacha kuisoma hati hiyo kama kawaida na kutoa taarifa ya kosa, hairuhusiwi kukisia.

XML ina sifa nyingine iliyo muhimu kwa Kiswahili. Kila programu inayoisoma inalazimika kuelewa usimbaji wa UTF-8 na UTF-16, ambao hubeba herufi za Unicode. Hii ina maana kuwa beti zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu zinaweza kukaa ndani ya hati moja na tafsiri yake ya herufi za Kirumi, pamoja na zile herufi za nyongeza ambazo waandishi wa pwani walizitumia kwa sauti ambazo Kiarabu hakina, kama vile p, ch na v.

3.0 Metadata na Dublin Core

Metadata ni taarifa inayoeleza taarifa nyingine. Kadi ya katalogi katika droo ya maktaba ni metadata. Kitabu kilichoko kwenye rafu ndicho kinachoelezwa. Wakutubi walikuwa na mifumo yao ya maelezo muda mrefu kabla ya wavuti. Uliojulikana zaidi ni MARC, uliobuniwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani katika miaka ya 1960 chini ya uongozi wa Henriette Avram. MARC ni mfumo wa kina sana, na kuutumia kunahitaji mafunzo ya kikutubi.

Wavuti ulipoanza kupanuka, ilionekana wazi kuwa wakutubi peke yao wasingeweza kuandika maelezo ya kila hati iliyowekwa humo. Mwezi Machi mwaka 1995 wataalamu walikutana katika mji wa Dublin, jimbo la Ohio nchini Marekani, ili kukubaliana juu ya seti ndogo ya maelezo ambayo mtu yeyote angeweza kuyaandika. Matokeo ya kazi iliyoanzia hapo ni Dublin Core, yenye elementi 15: jina la kazi, mtunzi, mada, maelezo, mchapishaji, mchangiaji, tarehe, aina, umbizo, kitambulisho, chanzo, lugha, uhusiano, eneo au kipindi kinachohusika, na haki. Mwaka 2003 elementi hizo ziliidhinishwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO 15836.

Sifa tatu za Dublin Core zinapaswa kuzingatiwa. Kwanza, hakuna elementi iliyo ya lazima. Pili, kila elementi inaweza kurudiwa. Kazi yenye watunzi watatu itakuwa na elementi tatu za mtunzi. Tatu, na hili ndilo muhimu kwa mjadala huu, elementi hizo zimefafanuliwa kwa maana na wala si kwa umbo. Ufafanuzi wa elementi ya mtunzi unasema kuwa ni yule mwenye jukumu la msingi la kuiunda kazi. Hausemi jina lake liandikwe ndani ya mabano ya pembe au kwenye kadi ya karatasi. Dublin Core inaweza kuandikwa ndani ya ukurasa wa HTML, katika mfumo wa RDF, katika jedwali la kawaida, au katika XML.

4.0 Namna XML na Dublin Core Vinavyokutana

4.1 Sarufi na msamiati

Kwa wanaisimu, uhusiano huu unaweza kuelezwa kwa dhana zilizozoeleka. Sentensi “Jiwe lilikula kimya cha jana” imetimiza upatanisho wa kisarufi: kiambishi ngeli cha kiima kimekubaliana na kitenzi, na kihusishi kimekubaliana na nomino yake. Hata hivyo haina maana ya kawaida. XML inasimamia kiwango hicho cha kwanza tu. Inahakikisha kuwa sentensi imepatana. Haijui kama jiwe linaweza kula.

Kwa wanafasihi, mfano wa ushairi unafaa zaidi. Utenzi wa kimapokeo huwa na mishororo minne katika ubeti, mizani nane katika kila mshororo, na kina cha bahari kinachorudiwa mwishoni mwa kila ubeti. Mtu anaweza kutimiza vina na mizani yote na asiwe amesema lolote. XML ni arudhi ya rekodi. Dublin Core ni makubaliano ya kwamba neno fulani, kila litokeapo, litabeba maana ileile.

Umuhimu wa makubaliano hayo unaonekana pale hifadhi ya pili inapoandika rekodi ya kazi ileile kwa lebo zake yenyewe. Kama ya kwanza iliandika “mtunzi” na ya pili ikaandika “mshairi”, hati zote mbili ni XML iliyoundwa vyema, lakini kompyuta haina namna ya kujua kuwa lebo hizo mbili zinalenga kitu kimoja. Uhuru ambao XML inampa kila mtu kubuni lebo zake ndio unaozuia mawasiliano, mpaka pawepo msamiati wa pamoja.

4.2 Kutofautisha majina

Tatizo la pili ni lebo moja kubeba maana mbili. Neno “jina” linaweza kuwa jina la utenzi katika hati moja na jina la mtu katika hati nyingine. Mwezi Januari mwaka 1999 W3C ilitoa nyongeza ya XML inayotatua jambo hilo kwa kuifunga kila lebo na anwani ya kipekee inayotambulisha msamiati wake. Elementi za Dublin Core zimefungwa na anwani http://purl.org/dc/elements/1.1/, na kwa ufupi huandikwa kwa kutanguliza herufi dc: dc:title kwa jina la kazi, dc:creator kwa mtunzi, dc:date kwa tarehe, dc:language kwa lugha.

Anwani hiyo ndiyo kiungo halisi kati ya XML na Dublin Core. Programu inayoiona hujua kuwa lebo inayofuata si neno lililobuniwa na mtu mmoja, bali ni istilahi yenye ufafanuzi uliokubaliwa. Herufi dc zenyewe si za lazima. Mtu anaweza kuzibadilisha na nyingine na maana isibadilike, mradi anwani ibaki ileile.

4.3 Uvunaji wa rekodi

Kiungo cha tatu ni itifaki inayosafirisha rekodi. Itifaki ya OAI-PMH, ambayo toleo lake la 2.0 lilitoka mwaka 2002, inaruhusu hifadhi moja kuiomba nyingine rekodi zake zote, au zile tu zilizoongezwa na kubadilishwa tangu tarehe fulani. Kitendo hicho huitwa uvunaji. Majibu yote hutolewa katika XML, na kila hifadhi inalazimika kuweza kutoa rekodi zake katika Dublin Core ya kawaida, hata kama yenyewe inatumia umbizo la kina zaidi. Maumbizo mengine yanaruhusiwa juu ya hilo.

Hapa ndipo ukali wa XML unapogusa maisha ya kila siku ya maktaba. Rekodi husafirishwa kwa mafungu. Kama katika fungu la rekodi mia moja kuna kichwa kimoja cha tasnifu chenye alama ya & ambayo haikuandikwa kwa namna inayotakiwa, yaani &amp;, basi fungu zima halitasomeka, na uvunaji unaweza kusimama hapo. Hali kadhalika, faili la zamani lenye maandishi ya Kiarabu yaliyohifadhiwa kwa usimbaji mwingine, kisha likatangazwa kuwa ni UTF-8, huweza kukataliwa. Makosa ya aina hii yana faida moja: hupiga kelele. Makosa ya maana hayapigi kelele, na ndiyo yanayojadiliwa katika sehemu inayofuata.

5.0 Mfano: Utendi wa Tambuka

Utendi wa Tambuka, unaojulikana pia kama Chuo cha Herkali, unasimulia vita baina ya Waislamu na mfalme wa Rumi. Utungaji wake unahusishwa na Mwengo wa Athumani wa Pate, na kwa desturi huwekwa mwaka 1728, sawa na mwaka 1141 wa Hijria. Rekodi ya Dublin Core ya nakala ya kazi hiyo inaweza kuwa na elementi zifuatazo:

dc:title: Utendi wa Tambuka
dc:title: Chuo cha Herkali
dc:creator: Mwengo wa Athumani
dc:date: 1728
dc:language: swh

Kila mstari ni sahihi, na ukiandikwa katika XML utapita katika kila kipimo cha umbo. Hata hivyo kuna masuala matatu ambayo umbo haliwezi kuyatatua.

La kwanza ni jina la mtunzi. Programu nyingi za hifadhi zinamtaka mtumiaji aweke jina la ukoo upande mmoja na majina mengine upande wa pili. Mtu asiyejua mapokeo ya majina ya Waswahili ataandika “Athumani, Mwengo wa”. Rekodi itakubaliwa bila onyo lolote. Matokeo yake ni kwamba mshairi atapangwa chini ya jina la baba yake. Hifadhi ya pili itakapomwandika kama Mwengo wa Athumani, na ya tatu kama Bwana Mwengo, kompyuta itahesabu watunzi watatu. Dublin Core inasema mtunzi awekwe wapi. Haisemi jina lake liandikwe vipi. Kazi hiyo inahitaji orodha ya pamoja ya majina ya watunzi pamoja na tahajia zake mbalimbali.

La pili ni tarehe. Tendi za kale zilinakiliwa mara nyingi kwa mkono, na nakala iliyopo kwenye maktaba yaweza kuwa imeandikwa miongo au karne baada ya utungaji. Kuna, basi, tarehe mbili: ya utungaji na ya kunakiliwa. Kwa kuwa dc:date inaweza kurudiwa, mtunza miswada anaweza kuziandika zote mbili. Lakini katika Dublin Core ya kawaida, ambayo ndiyo hifadhi zote zinalazimika kuitoa, hakuna kinachosema ipi ni ipi. Katika hifadhi ya nyumbani tarehe hizo zinaweza kuwa zimetofautishwa kikamilifu. Rekodi inapovunwa, tofauti hiyo huondolewa na kubaki tarehe mbili zisizo na maelezo. Mtafiti wa historia ya fasihi atakayeitegemea rekodi iliyovunwa anaweza kumweka mshairi katika karne isiyo yake.

La tatu ni mnakili. Katika mapokeo ya miswada ya pwani, mtu aliyenakili ana nafasi yake, kwa kuwa chaguo zake za tahajia ndizo zinazoonesha matamshi na lahaja. Dublin Core ina elementi ya mchangiaji, na mnakili anaweza kuwekwa humo. Lakini humo humo huwekwa mhariri, mfasiri na mfadhili. Jina linabaki, kazi aliyoifanya mwenye jina inapotea.

Masuala haya si kasoro za XML, kwa sababu XML haikuahidi kuyashughulikia. Wala si kasoro za Dublin Core, kwa sababu urahisi wake ulikusudiwa. Ni gharama ya kukubaliana kwa lugha nyepesi. Anayeijua gharama hiyo anaweza kujipanga. Asiyeijua huilipa bila kujua.

6.0 Upanuzi na Suala la Misimbo ya Lugha

Kwa kuwa XML inaruhusu misamiati kuunganishwa katika hati moja, Dublin Core inaweza kupanuliwa bila kuvunjwa. Mfano unaowahusu wanaisimu moja kwa moja ni OLAC, jumuiya ya hifadhi za lugha iliyoasisiwa mwezi Desemba mwaka 2000 kwa juhudi za Steven Bird na Gary Simons. Umbizo lake limejengwa juu ya Dublin Core na kuongeza misamiati midogo inayodhibitiwa: utambulisho wa lugha, aina ya data ya kiisimu, aina ya usemi, na dhima ya mshiriki. Katika orodha ya dhima, mnakili, mzungumzaji, mwimbaji na mfasiri hutofautishwa. Kwa namna hiyo suala la tatu lililotajwa hapo juu hupata jibu, na programu isiyoijua OLAC bado inaweza kusoma sehemu ya Dublin Core na kuliacha lile la ziada.

Utambulisho wa lugha unahitaji uangalifu wa pekee kwa upande wa Kiswahili. Kiwango cha ISO 639-1 kina msimbo mmoja, sw. Kiwango cha ISO 639-3, kilichotolewa mwaka 2007, kina mitatu: swa, unaohesabiwa kuwa msimbo wa lugha kuu yenye lugha wanachama, swh, kwa Kiswahili cha Afrika Mashariki, na swc, kwa Kiswahili cha Kongo. Wanaisimu wanaweza kujadili kama mgawanyo huo unaafiki hali halisi ya lugha. Lakini kwa programu ya kutafuta, kila msimbo ni mfuatano wa herufi tatu tu. Isipokuwa programu imefundishwa kuwa swh na swc ziko chini ya swa, msomaji anayetafuta rekodi zenye swh hatapata rekodi ya masimulizi ya wafanyakazi wa migodi wa Katanga iliyoandikwa swc, na anayetafuta swc hatapata chochote kutoka Goma kilichoandikwa swa.

Kwa maneno mengine, uamuzi wa karani mmoja kuhusu herufi moja ya mwisho unaweza kuwaondoa wasemaji wa Kongo, na kwa kiasi fulani wale wa Burundi na Rwanda wanaoishi mpakani, katika picha ya Kiswahili inayoonekana na ulimwengu. Hakuna kipimo cha umbo kitakachoonesha kuwa jambo hilo limetokea.

Kuna pia suala la hati. XML ina sifa yake yenyewe ya kutaja lugha ya maandishi, xml:lang, inayotumia misimbo mifupi inayoweza kuongezewa hati. Kwa mfano, sw-Arab ni Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, na sw-Latn ni Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Sifa hii hueleza lugha ya maneno yaliyomo ndani ya lebo, ilhali dc:language hueleza lugha ya mswada wenyewe. Rekodi iliyoandikwa kwa Kiingereza kuhusu utenzi wa Kiswahili itakuwa na xml:lang ya Kiingereza na dc:language ya Kiswahili. Kuchanganya viwili hivyo ni kosa jepesi kutendeka, na hapo ndipo tofauti kati ya lugha ya uwekaji alama na umbizo la metadata inapoonekana kwa wazi zaidi: moja inazungumzia maandishi ya rekodi, nyingine inazungumzia kitu kinachoelezwa na rekodi.

7.0 Ulinganisho na Maumbizo Mengine

Uhusiano ulioelezwa hapa hauihusu Dublin Core pekee. MARC ilipoandikwa katika XML, matokeo yakaitwa MARCXML, namba zake hazikubadilika: jina la kazi lilibaki kuwa sehemu ya 245 kama lilivyokuwa tangu awali. Umbo lilihama, msamiati ukabaki palepale. Hii inathibitisha kuwa viwili hivyo vinaweza kutenganishwa.

Katika uhandisi wa programu, umbizo la XMI la asasi ya Object Management Group, lililopata namba ya kimataifa ISO/IEC 19503 mwaka 2005, lilikusudiwa kuhamisha michoro ya mifumo kutoka programu moja hadi nyingine. Tofauti na Dublin Core, XMI haina orodha fupi ya elementi. Ina kanuni za kuzalisha XML kutokana na kielelezo chochote kilichojengwa kwa misingi ya MOF. Hata hivyo funzo lililopatikana ni lilelile. Programu mbili zilizodai kutumia XMI mara nyingi zilishindwa kusomana, kwa sababu kila moja ilifuata toleo tofauti au iliongeza taarifa zake yenyewe. Kukubaliana kuhusu XML hakukutosha. Ilibidi kukubaliana pia kuhusu kielelezo kilichokuwa nyuma yake.

8.0 Mapendekezo kwa Watunza Miswada

Kutokana na mjadala huu, mambo manne yanapendekezwa kwa taasisi za ukanda huu.

Kwanza, taasisi iamue maana kabla ya umbo. Orodha ya mambo yanayopaswa kujulikana kuhusu mswada, yaani mtunzi, mnakili, tarehe zote mbili, lahaja, hati na mahali ulikopatikana, iandaliwe na wataalamu wa Kiswahili kabla ya fundi wa kompyuta kuchagua programu.

Pili, rekodi ya kina ibaki nyumbani, na Dublin Core ichukuliwe kuwa dirisha la nje. Rekodi pana inaweza kupunguzwa wakati wowote; rekodi iliyopunguzwa haiwezi kurudishwa upana wake.

Tatu, pawepo mwongozo wa pamoja wa kuandika majina ya watunzi wa Kiswahili na wa kuchagua kati ya swa, swh na swc. Mwongozo wa aina hiyo hauhitaji mtambo mpya. Unahitaji kikao cha wataalamu wa Kiswahili na wakutubi wa nchi jirani.

Nne, ukaguzi ufanyike upande wa mpokeaji. Mtunza miswada asiridhike kwa kuona rekodi yake ikiwa nzuri katika tovuti ya chuo chake. Aitafute katika hifadhi iliyoivuna na kuangalia kilichobaki.

9.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kuwa XML na Dublin Core hazifanyi kazi moja. XML ni sarufi: hueleza namna alama zinavyopaswa kufunguliwa, kufungwa na kupangwa, na husimama mara moja kanuni hizo zinapovunjwa. Dublin Core ni msamiati: hueleza nini maana ya mtunzi, tarehe au lugha, lakini haina namna ya kumlazimisha mwandishi wa rekodi kusema kweli au kusema vya kutosha. Kila kimoja kinaweza kuwepo bila kingine. Vikiwa pamoja huwezesha rekodi ya mswada wa Pate na kanda ya sauti ya Lubumbashi kuonekana katika orodha moja. Sehemu inayobaki, ambayo haiwezi kukabidhiwa kwa umbizo lolote, ni ya wajuzi wa Kiswahili wenyewe: kujua kuwa Mwengo ndiye mshairi na Athumani ndiye baba, kutenga mwaka wa utungaji na mwaka wa kunakiliwa, na kuamua kuwa Kiswahili cha Kongo kitatajwa kwa namna itakayokifanya kionekane.